Shule za Binafsi na za Serikali Nchini Uganda Wakati wa Korona: Uhakiki wa Hoja Niliyoitetea

Mwaka 2022, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuliandaa mdahalo wenye mada isemayo: "Janga la korona limethibitisha kwamba shule za binafsi ni bora kuliko shule za serikali." Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono. Tulishinda kwa kura nyingi, na nilipongezwa na wenzangu. Katika insha hii ninataka kuzihakiki hoja zangu mwenyewe, kwa sababu nimekuja kuona kwamba nilishinda kwa ufasaha wa maneno tu. Ukweli wa mambo niliuacha nyumbani kwetu Busia.

Kwanza nikumbushe yaliyotokea, maana tumeanza kuyasahau. Shule zote za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, siku moja kabla ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini. Wanafunzi wapatao milioni 15 walibaki nyumbani. Tarehe 15 Oktoba 2020 madarasa ya watahiniwa yaliruhusiwa kurudi, yaani darasa la saba, kidato cha nne na kidato cha sita. Mwanzoni mwa mwaka 2021 madarasa mengine yakaanza kurudi kwa zamu. Watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu walipangiwa kurudi mwezi wa Juni, lakini wimbi la pili likapiga na shule zote zikafungwa tena. Zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa darasa la pili Machi 2020 alikaa karibu miezi 22 bila kuingia darasani hata siku moja. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kiasi hicho.

Mimi nilikuwa kidato cha sita katika shule ya bweni ya binafsi. Mdogo wangu alikuwa darasa la pili katika shule ya serikali iliyo karibu na nyumbani. Baba alikuwa na uwezo wa kumlipia mtoto mmoja tu karo kubwa, na mimi ndiye niliyekuwa karibu na mtihani. Siku ya mdahalo sikulitaja jambo hili.

Hoja yangu ya kwanza ilikuwa kwamba shule za binafsi ziliendelea kufundisha wakati zile za serikali zililala. Nilisema kuwa walimu wetu walitutumia masomo kwa WhatsApp, na kwamba shule nyingine jijini Kampala ziliendesha vipindi kwa Zoom kila asubuhi. Yote hayo yalikuwa kweli. Kosa langu lilikuwa kuzungumzia "shule za binafsi" kana kwamba ni kitu kimoja. Nchini Uganda jina hilo linabeba shule ya kimataifa ambayo karo yake hulipwa kwa dola, na vilevile linabeba shule ya mabati yenye vyumba vinne nyuma ya soko, ambako mzazi hulipa karo kidogo kidogo kila siku ya gulio. Shule ya kwanza iliingia kwenye intaneti ndani ya wiki chache. Ya pili ilifunga mlango na kimya kikatanda. Niliitumia shule ya kwanza kuisifu ya pili, na hakuna aliyenishika.

Hata katika shule yangu, masomo ya WhatsApp hayakuwafikia wote. Tulikuwa wanafunzi zaidi ya 60 katika kidato chetu, na kundi la simu halikuzidi 30. Waliobaki hawakuwa na simu janja, au walikuwa na simu bila bando. Tukumbuke pia mazingira ya intaneti ya wakati ule. Tangu Julai 2018 serikali ilikuwa ikitoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu aliyetumia mitandao ya kijamii, WhatsApp ikiwemo. Kodi hiyo ilipoondolewa Julai 2021, mahali pake ilichukuliwa na kodi ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Serikali iliyowaambia watoto wasomee nyumbani ndiyo iliyoyatoza kodi masomo hayo, na kuna siku ilizima njia yake kabisa. Kwa hiyo niliposema kwamba shule za binafsi ziliendelea kufundisha, nilichopaswa kusema ni kwamba wazazi wenye pesa waliendelea kununua masomo. Ubora niliousifia ulikuwa wa mifuko ya wazazi.

Hoja yangu ya pili ilikuwa ya uwajibikaji. Nilidai kwamba shule ya binafsi humwogopa mzazi kwa sababu mzazi ndiye anayelipa, kwa hiyo haiwezi kumtupa mtoto wake. Hoja hii ilipigiwa makofi kuliko zote. Leo naiona kuwa dhaifu kuliko zote.

Mei 2021, baada ya kumaliza mitihani yangu ya kidato cha sita, nilirudi Busia. Sokoni nilimkuta mwalimu aliyenifundisha kusoma nilipokuwa mdogo, katika shule ndogo ya binafsi ya mtaani kwetu. Alikuwa ameketi kando ya barabara akiuza mkaa kwa mikebe. Nilimsalimu, naye akanishika mkono kwa furaha, kisha akaufuta mkono wangu kwa khanga yake kwa sababu ulikuwa umechafuka. Nilimuuliza habari za shule. Akasema: "Mwenye shule alituambia tungoje mwezi mmoja, mwanangu. Huu ni wa kumi na nne." Nilipopita pale shuleni, niliona magunia ya mahindi yamepangwa hadi kwenye madirisha. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amekodi madarasa na kuyafanya ghala. Mahali pengine nchini madarasa yaligeuzwa mabanda ya kuku, nyumba za kulala wageni na hata baa. Wenye shule hawakuwa watu wabaya. Wengi walikuwa na mikopo ya benki waliyoichukua kujenga majengo hayo, na karo ndiyo iliyokuwa ikiwalipia.

Hapo ndipo uwajibikaji niliousifu ulipoonyesha mwisho wake. Shule ya binafsi humwajibikia mzazi anayelipa, kwa muhula aliolipia. Karo ikikatika, mkataba nao umekatika, na mtoto hana anayemdai. Mwalimu naye hana pa kwenda kudai mshahara. Shule ile ya mtaani haikufunguliwa Januari 2022, na wala si hiyo peke yake. Mamlaka ya Kitaifa ya Mipango ilikuwa imekwisha kuonya mwaka 2021 kwamba maelfu ya shule yangeweza kutofunguliwa tena, na kwamba asilimia 30 hivi ya wanafunzi huenda wasingerudi. Watoto waliokuwa wakisoma katika shule ile walihamia wapi? Walihamia shule ya serikali, ile ile anayosoma mdogo wangu, ambayo tayari ilikuwa imejaa. Shule niliyoiita mbovu jukwaani ndiyo iliyowapokea watoto walioachwa na shule niliyoiita bora.

Hoja yangu ya tatu ndiyo iliyokuwa na nguvu za kweli, na siikani yote. Nilisema kwamba walimu wa serikali walipokea mishahara kwa karibu miaka miwili bila kufundisha. Ni kweli kwamba mishahara yao haikusimama. Upande wa pili ulijibu kwa kuwatetea walimu hao kwamba hawakuwa wamefunga shule wao. Jibu hilo lilikuwa sahihi lakini halikufika mbali. Swali lililopaswa kuulizwa ni hili: ni nani aliyewapa kazi ya kufanya?

Serikali ilikuwa na kitu ambacho hakuna mwenye shule ya binafsi aliyekuwa nacho, yaani walimu waliosomea kazi, wanaolipwa, na waliotawanyika hadi vijijini, wengi wao wakiishi jirani na watoto wale wale wanaowafundisha. Badala ya kuwatumia, iligeukia redio, televisheni na karatasi. Kituo cha Kitaifa cha Kukuza Mitaala kiliandaa masomo ya kujisomea nyumbani, yakachapishwa magazetini na mengine kugawiwa kupitia wenyeviti wa vijiji. Mwaka 2020 Rais aliahidi kwamba serikali ingenunua redio za kugawia familia pamoja na televisheni za vijiji ili watoto wafuatilie vipindi. Kijijini kwetu hatukuiona redio wala televisheni. Karatasi zilifika. Mdogo wangu alipata za kwanza, akazijaza kwa kalamu ya risasi, kisha mama akazihifadhi chini ya godoro akisubiri mwalimu azisahihishe. Hakuna aliyekuja kuzichukua. Mwalimu wake wa darasa anaishi mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu, na mshahara wake ulikuwa ukiingia kila mwezi. Hakuna waraka uliomwambia azunguke kusahihisha karatasi za watoto 20 wa karibu naye.

Kulikuwa pia na tatizo la lugha ambalo sisi wanafunzi wa lugha hatupaswi kulipita. Kwa mujibu wa mtaala, watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu katika shule za serikali hufundishwa kwa lugha ya eneo lao. Karatasi zilizofika kwetu zilikuwa za Kiingereza. Mama anajua Kisamia na Kiswahili cha biashara ya mpakani, na anakijua vizuri kuliko baadhi yetu. Kiingereza hakijui. Aliambiwa awe mwalimu wa mtoto wake kwa lugha asiyoifahamu. Kisha tukasema wazazi wa vijijini hawajali elimu.

Kwa hiyo sehemu ya hoja yangu ya tatu inasimama: fedha za umma zililipwa na watoto hawakufundishwa. Lakini mshahara ule ule nilioubeza ndio uliomrudisha mwalimu wa serikali darasani tarehe 10 Januari 2022. Mwalimu wangu wa mkaa hakurudi. Mmoja alilipwa bila kazi, mwingine akanyimwa mshahara na kazi pamoja. Yote mawili yalitokana na serikali kudhani kwamba wajibu wake ni kwa shule zake tu, na kwamba wajibu huo unaisha mlango unapofungwa.

Anayeishi Busia ana bahati ya kuona jambo jingine ambalo mdahalo wetu haukuligusa. Mji wetu umekatwa na mpaka. Upande wa pili ni Kenya. Huko shule zilifungwa katikati ya Machi 2020 kama kwetu, lakini madarasa machache yalirudi Oktoba, na tarehe 4 Januari 2021 watoto wote wakarudi. Mwaka mzima wa 2021 tuliwasikia watoto wa ng'ambo wakipita na sare zao asubuhi, huku wetu wakichunga mbuzi au kupakua mizigo ya malori. Shangazi yangu alimvusha binti yake kwa njia ya panya, akamwacha kwa jamaa, akaandikishwa katika shule ya serikali ya Kenya. Leo binti huyo yuko darasa moja mbele ya mdogo wangu ingawa walizaliwa mwaka mmoja.

Mfano huu unaivunja mada yetu. Binti yule aliokolewa na shule ya serikali, ila ya serikali nyingine. Nchi jirani zote zilikutana na ugonjwa ule ule na kila moja ikaamua lake: Tanzania ilifungua shule mwishoni mwa Juni 2020, Rwanda ikaanza kufungua Novemba mwaka huo, na Burundi haikufunga kabisa. Sisemi kwamba Uganda ilikosea kufunga shule. Wimbi la Juni 2021 lilizika watu wengi, na katika ukoo wetu tulizika wawili. Ninachosema ni kwamba muda wa kufunga, na yale yanayofanywa wakati shule zimefungwa, ni maamuzi ya serikali, na maamuzi hayo yalimgusa mtoto kuliko jina la shule yake. Tulikaa ukumbini tukilinganisha shule na shule, aliyefanya maamuzi akatoka bila kuulizwa swali.

Najua pingamizi litakaloletwa. Litasemwa kwamba shule ya binafsi ni biashara, na kwamba si haki fedha za umma zimlipe mwalimu aliyeajiriwa na mfanyabiashara. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama serikali yenyewe ingekuwa imekaa mbali na shule hizo siku zote. Haikukaa. Ilipoanzisha elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007, madarasa yake hayakutosha, ikaingia mkataba na shule za binafsi na kuzilipa shilingi 47,000 kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Mpango huo uliendelea kwa takribani miaka kumi kabla ya kuanza kuondolewa. Hata leo shule nyingi za sekondari nchini ni za binafsi. Zikianguka zote kesho, serikali haina mahali pa kuwaweka watoto wale. Mwenye kukutegemea mvua inapokuwa nyepesi hawezi kusema hakujui inapokuwa kubwa.

Nini kingefanyika? Sipendekezi mambo ya mabilioni. Kwanza, walimu wanaolipwa na serikali wangepewa watoto wa kijiji walichomo, bila kujali wanasoma shule gani, wawafuatilie kwa makundi ya watoto watano au sita chini ya mti, umbali ukizingatiwa. Masoko yalifunguliwa kwa masharti kama hayo. Pili, walimu wa shule ndogo za binafsi wangeajiriwa kwa muda katika kazi hiyo hiyo kwa posho, na hivyo wangebaki walimu. Tatu, masomo ya darasa la kwanza hadi la tatu yangetolewa kwa lugha za maeneo, na kwa Kiswahili mahali kinapoeleweka. Nne, shule zilipofunguliwa, watoto wangepimwa kwanza wajulikane wamebaki wapi. Badala yake walipandishwa darasa wote. Mdogo wangu alipelekwa darasa linalofuata akiwa amesahau hata herufi alizozijua Machi 2020. Jioni moja nilimwonyesha neno "unga" kwenye mfuko wa unga wenyewe. Aliutazama mfuko, akasema "ugali". Alikuwa amekisia kutokana na picha.

Wenzangu tunaosoma ualimu, jambo hili ni letu kuliko la mtu mwingine yeyote. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hapa kwetu na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Lakini wengi wetu tutakapohitimu, ajira ya kwanza itakuwa katika shule za binafsi, kwa barua ya ukurasa mmoja au kwa maneno matupu. Tutamfundisha mtoto wa Uganda somo ambalo serikali ya Uganda imelifanya la lazima, na siku ya janga serikali hiyo itatuambia kwamba haitujui. Mwalimu wangu wa Busia hakuwa mwalimu duni. Mimi ninayeandika insha hii nilijifunza kusoma kwake.

Wala tusidhani kwamba siku hiyo iko mbali. Septemba 2022 Ebola ilitangazwa wilayani Mubende, na Novemba mwaka huo huo shule za chekechea, msingi na sekondari zilifungwa wiki mbili kabla ya muda wake. Haikuwa imetimia hata mwaka mmoja tangu tutoke katika kufungiwa kule kwa miezi 22. Safari hii zilikuwa wiki mbili tu, tukapumua. Sikusikia mpango wowote mpya kuhusu nani angewafundisha watoto kama wiki hizo zingekuwa miezi.

Kama mdahalo ule ungerudiwa, nisingekubali kusimama upande wowote wa mada ile. Ningeomba mada iwe: "Shule inapofungwa, mtoto ni wa nani?" Msemaji wa kwanza ningempendekeza awe mama yangu, na karatasi zake za chini ya godoro. Bado anazo. Anasema siku mwalimu akiulizia, asionekane kwamba mtoto wake hakufanya kazi.